Chumvi ya Maji Baridi

Malugu hakuanza na nyundo.
Alitoa mfukoni sumaku ya spika iliyokufa,
akaifunga kitambaa isikwaruze rangi,
akaipitisha ubavuni mwa Datsun ya baba
polepole, kama mkunga juu ya tumbo.
Iliponata, alisema: chuma.
Iliponata tena: chuma.
Juu ya gurudumu la nyuma ikadondoka,
akaidaka kabla haijafika chini.
"Hapa," akasema, "mtu alikudanganya."

Puti. Unene wa vidole viwili.
Nyuma ya puti, gazeti la mwaka tisini na tatu.
Nyuma ya gazeti, tundu la kupitisha ngumi.

Gari la milango miwili, pua ndefu,
kiuno kimebonyea kama cha chui anayenyemelea.
Rangi yake ya kwanza ndizi mbivu,
ya pili nyekundu, ya tatu sina jina lake:
baba aliipaka mwenyewe, kwa brashi, Jumapili moja.
Likipanda Isamilo lilinguruma
hata yale mawe makubwa ungedhani yanasogea kulipisha.
Sasa limepandishwa juu ya matofali, Mabatini,
na Pastory analipigia msasa,
vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Wakang'oa zulia la buti.
Malugu akachuchumaa, kimya, muda mrefu.
"Ziwa letu halina chumvi," akasema.
"Kutu ya mvua naijua, huanzia kwenye kioo.
Kutu ya tope huanzia kwenye madigadi.
Hii imeanzia ndani, ikala kuelekea nje,
kama magari ya Tanga.
Hili lilikaa pwani?"

Halikuwahi kuvuka Shinyanga.

Akalowesha kidole, akagusa pembeni, akaonja.
Kisha akanionyesha, chini ya mpira wa stepu,
gamba moja la sangara,
kubwa kama ukucha wa dole gumba,
kavu, na bado linang'aa.

Kayabo.

Mwaka ule kinu cha pamba kilipofungwa
baba aliendelea kufunga tai kila asubuhi.
Usiku tulisikia gari likitoka, taa zimezimwa
mpaka barabara kuu.
Mikutano, alisema mama.
Alfajiri viti vilikuwa vimesuguliwa kwa ndimu na sabuni ya kipande
na bado tulinuka darasani, mimi na Nshoma.
Nilimwomba awe ananishusha kona ya posta.
Hakuuliza sababu.
Alininyooshea mkono mbele ya kifua, akafungua ule mlango mzito,
akangoja nivuke.

Ada ililipwa. Kila muhula, noti zenye unyevu;
mhasibu wa shule alizianika mezani
akafungua dirisha.

Kilichokula gari ndicho kilichonilisha.
Nililisema hilo kwa sauti, nadhani,
maana Pastory alizima grinda akanitazama.

Malugu akakata sakafu yote ya buti,
ikatoka vipande vipande, kama mkate mkavu.
"Nitupe?"
Kimoja nikakitia kwenye mkoba, pamoja na funguo na miwani.
Nikamwambia: pale kwenye gurudumu weka bati, chomelea.
Puti sitaki.
"Mshono utaonekana."
Uonekane.
"Na bei itapanda."
Nikahesabu noti. Zilikuwa kavu, mpya, zinakwaruza vidole.

Akauliza rangi.
Nikasema bado; kwanza kipanguse chote,
kikae uchi siku mbili, nikione chuma chenyewe.
Akacheka, akaelekeza kidevu kule chini,
ambako ukungu ulikuwa ukipanda kutoka Kirumba.
"Siku mbili, kwa unyevu huu?
Kesho asubuhi kitakuwa kimeanza."

Basi siku moja, nikasema.